Insulini ya mshipani: Yanayofanyika mgonjwa wa sukari anapotundikiwa dripu

MARADHI ya kisukari si mageni tena kwa wakazi wa Jomvu Kuu. Katika mtaa huu mkongwe, maskani asilia ya Wajomvu ambao ni mojawapo ya yale Mataifa Tisa ya Waswahili wa Mombasa, neno "sukari" hutajwa barazani kama vile homa ilivyokuwa ikitajwa zamani. Vidonge watu wanavijua. Sindano ya kujidunga chini ya ngozi wanaijua pia, ijapokuwa wengi waiogopa.

Lisiloeleweka vyema ni lile linalotokea mgonjwa anapozidiwa, akakimbizwa hospitalini usiku, na insulini ikaanza kupitishwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Hapo ndipo maswali ya jamaa huanza. Mbona mgonjwa hapewi chakula? Mbona anatobolewa kidole kila baada ya saa moja? Na ajabu inayowashinda wengi: "Sista, mama ana sukari nyingi, mbona mwamtundikia tena maji ya sukari?"

Maswali hayo si ya kipuuzi hata kidogo, na kutoyajibu kuna hatari yake. Jamaa anayedhani kwamba muuguzi amekosea chupa anaweza kuifunga dripu kwa siri, au akampenyezea mgonjwa soda na maandazi kwa huruma. Vitendo hivyo viwili, kila kimoja kwa njia yake, vyaweza kumgharimu mgonjwa uhai.

Shehena iliyokwama bandarini

Ili kuielewa dripu, sharti kwanza tuielewe sukari yenyewe. Chakula cha wanga tukilacho, kiwe ni wali, mihogo, mahamri au ugali, husagwa tumboni kikawa glukosi na kuingia katika damu. Damu huibeba hadi kwenye misuli na viungo vinginevyo vinavyoihitaji kwa ajili ya nguvu. Lakini glukosi haiingii katika misuli ovyo. Huhitaji kibali, na kibali hicho ni insulini, kemikali inayotengenezwa na kongosho.

Mkazi wa Mombasa ataelewa upesi tukiifananisha hali hii na bandari ya Kilindini. Meli zimepakua shehena, makontena yamerundikana uani hadi hayana pa kuwekwa, ilhali maduka ya bara hayana bidhaa. Shehena ipo, ila karatasi za kuitolea langoni hazipo. Ndivyo mwili wa mgonjwa wa sukari ulivyo: damu imefurika glukosi, na misuli inakufa njaa.

Mambo huzidi kuharibika kwa sababu ini, likihisi kwamba mwili una njaa, hutengeneza glukosi zaidi na kuimwaga katika damu iliyokwisha kufurika. Kiwango kikipita takriban milimoli 10 kwa kila lita ya damu, figo hushindwa kuizuia sukari, nayo humiminika katika mkojo huku ikivuta maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mfululizo, akashikwa na kiu isiyokatika, na hatimaye akakauka.

Kwa kulinganisha, mtu mzima asiyekuwa na maradhi haya, akipimwa asubuhi kabla ya kufungua kinywa, huwa na sukari isiyofika 6. Akipata 7 au zaidi katika vipimo viwili vya namna hiyo, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Wanaofikishwa hospitalini wakiwa mahututi huweza kuwa na 25, 30 au zaidi. Mashine nyingine ndogo za kupimia kwa tone la damu hushindwa kabisa kutoa tarakimu na kuandika tu kwamba sukari imepita kipimo.

Damu inapogeuka asidi

Sukari kuwa nyingi pekee si tatizo kubwa zaidi. Misuli isipopata glukosi, mwili huanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe ili upate nguvu. Mabaki ya uyeyushaji huo huitwa ketoni, nazo zikizidi huifanya damu kuwa na asidi. Hali hii madaktari huiita ketoasidosi.

Mgonjwa wa ketoasidosi hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa kina na kwa kasi kana kwamba amekimbia mbio ndefu, na pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva mno. Kisha akili humvurugika, akasinzia, na hatimaye akapoteza fahamu. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria, za vidonda vya tumbo, na hata za yale mambo ambayo wazee wetu huyahusisha na mashetani, si ajabu mgonjwa akazungushwa huku na huko kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa sukari, kipimo kinachochukua sekunde chache tu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika utafiti uliofanywa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki. Kati ya wagonjwa 648 wa kisukari waliolazwa katika kipindi cha utafiti huo, 48 walikuwa na ketoasidosi. Karibu nusu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wana kisukari. Walikuja kujua wakiwa mahututi. Takriban thuluthi moja walifariki katika muda wa saa 48 baada ya kulazwa. Miongoni mwa waliokuwa wakijijua, sababu kuu za kuzidiwa zilikuwa ni kukosa au kuacha sindano za insulini, na maambukizi ya maradhi mengine.

Itafakari tarakimu hiyo ya mwisho, msomaji. Huu si ugonjwa usio na dawa. Dawa yake ilianza kutumiwa zaidi ya karne moja iliyopita. Mnamo Januari 11, 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini mjini Toronto, Kanada, baada ya Frederick Banting na Charles Best kuipata kutoka kwa kongosho za mbwa na ng'ombe katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod. Sindano ya kwanza haikufaa sana kwa kuwa dawa ilikuwa na uchafu. James Collip akaisafisha, na mvulana alipodungwa tena Januari 23, sukari na ketoni zilishuka. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatikana na kisukari cha aina hiyo alikuwa akingojea kifo tu.

Kwa nini mshipani?

Insulini inayodungwa chini ya ngozi haifiki katika damu papo hapo. Hata ile ya kutenda haraka, ambayo ni angavu kama maji, huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, hupamba moto baada ya saa mbili hadi nne, na huendelea kwa saa sita au nane. Isitoshe, mgonjwa aliyekauka maji hana damu ya kutosha inayozunguka chini ya ngozi. Sindano yaweza kukaa pale pale ilipodungwa bila ya kwenda popote, kisha mgonjwa akishapata maji, dawa yote ikaingia kwa mkupuo na kuiporomosha sukari.

Mshipani mambo ni tofauti. Insulini hufika ndani ya dakika chache na kutoweka kwa haraka vivyo hivyo. Kiasi chake katika damu hupungua hadi nusu kwa muda wa takriban dakika tano. Sifa hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake. Faida, kwa sababu daktari anaweza kuongeza au kupunguza dozi na kuona matokeo kabla ya saa kwisha. Hatari, kwa sababu dripu ikikatika kwa sababu yoyote ile, iwe ni mrija uliopindana, sindano iliyochomoka au jamaa aliyeifunga, baada ya muda mfupi mgonjwa huwa hana insulini hata chembe, na ketoni huanza upya.

Yafaa ieleweke kwamba si kila insulini hupitishwa mshipani. Hospitalini hutumiwa hasa ile angavu ya kutenda haraka. Ile yenye weupe wa maziwa, pamoja na ile iliyochanganywa ya 70/30 ambayo wagonjwa wengi wa Kenya hupewa kwenda nayo nyumbani, ni ya chini ya ngozi tu na haipaswi kamwe kuingizwa katika mshipa. Na hakuna insulini ya mshipani ya kujitilia nyumbani.

Maji kwanza, kisha potasiamu

Wengi hudhani kwamba mgonjwa anapofikishwa hospitalini jambo la kwanza ni insulini. Sivyo. La kwanza ni maji. Mtu mzima mwenye ketoasidosi huwa amepoteza wastani wa mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzani wake. Tuchukue mfano wa mama wa kilo 60: huyo atakuwa amepungukiwa na karibu lita sita, yaani ndoo ndogo nzima. Ndiyo maana hutundikiwa maji ya chumvi, mara nyingi lita nzima au karibu na hapo katika saa ya kwanza. Maji hayo peke yake huishusha sukari kwa kiasi kikubwa, huifufua figo na kuupandisha mshindo wa damu.

La pili ni potasiamu, madini ambayo ndizi na madafu yana sifa ya kuwa nayo kwa wingi, na ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa pasipo kiwango chake kinachofaa. Hapa pana mtego mkubwa. Mgonjwa huwa ameipoteza potasiamu nyingi katika mkojo na matapishi, lakini kipimo cha maabara chaweza kuonyesha kwamba iko sawa, au hata imezidi, kwa sababu imetoka ndani ya chembechembe za mwili na kuingia katika damu. Insulini inapoanza kufanya kazi huirudisha potasiamu ndani ya chembechembe kwa kasi. Ikiwa ilikuwa chache tangu awali, kiwango katika damu huporomoka na moyo waweza kusimama.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2024 na vyama vya wataalamu wa kisukari vya Marekani na Ulaya unaagiza kwamba potasiamu ikiwa chini ya 3.5, insulini isianzishwe hadi mgonjwa aongezewe potasiamu kwanza. Jamaa akiambiwa "twangojea majibu ya maabara kabla ya kuanza insulini", asidhani ni uzembe.

Hesabu za muuguzi

Baada ya hayo ndipo insulini huanza. Dozi iliyozoeleka ni sehemu moja ya kumi ya yuniti kwa kila kilo ya uzani, kila saa. Yule mama wetu wa kilo 60 atahitaji yuniti 6 kwa saa. Penye pampu, muuguzi huchanganya yuniti 50 katika mililita 50 za maji ya chumvi ili kila mililita iwe na yuniti moja, kisha huiamuru mashine isukume mililita 6 kwa saa. Kabla ya kuunganisha, kiasi cha mchanganyiko huo humwagwa kupitia mrijani. Si ubadhirifu. Insulini hunata katika plastiki, na mrija usipooshwa nayo kwanza, mgonjwa atapokea maji matupu kwa muda huku kila mtu akidhani anatibiwa.

Dozi hii yaonekana ndogo, na kweli kuna historia hapo. Hadi miaka ya mapema ya 1970, madaktari walikuwa wakiwatia wagonjwa wa ketoasidosi mamia ya yuniti kwa siku. Mwaka 1973, George Alberti na wenzake nchini Uingereza walichapisha taarifa kwamba dozi ndogo ndogo za kila saa, hata zikidungwa katika msuli, hufanya kazi vyema bila ya kuishusha sukari na potasiamu kwa ghafla. Alberti huyo huyo baadaye alishirikiana na Donald McLarty na Andrew Swai wa Dar es Salaam katika utafiti mashuhuri wa kisukari vijijini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989.

Pasipo pampu, muuguzi hulazimika kuhesabu matone kwa saa ya mkononi. Yawezekana, ila mgonjwa akikunja mkono tu, kasi hubadilika. Fauka ya hayo, insulini ni miongoni mwa dawa ambazo makosa yake ya kuandika huua. Herufi ya kwanza ya neno yuniti kwa Kiingereza, ikiandikwa vibaya baada ya tarakimu, hufanana na sifuri, na yuniti 10 zikasomwa 100. Ndiyo maana hospitali makini hutaka neno liandikwe kwa ukamilifu, na dawa ipimwe kwa bomba maalumu la insulini wala si bomba lolote lililoko karibu.

Kisha kuna kidole. Sukari hupimwa kila saa, mchana na usiku, na lengo ni ishuke kwa milimoli tatu au nne hivi kwa saa. Ikishuka polepole mno, dozi huongezwa. Ikishuka kwa kishindo, hupunguzwa. Ikienda chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, na ikizidi kushuka aweza kupatwa na kifafa au kuzimia. Aliyekwisha kuzimia hawezi kulalamika. Kipimo cha kila saa ndicho mdomo wake.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo penye kiini cha suala zima katika hospitali zetu za umma. Insulini yenyewe si ghali kama watu wadhanivyo. Kinachokosekana ni vijikaratasi vya kupimia, na muuguzi wa kutosha wa kuzunguka vitanda kila saa. Wadi yenye muuguzi mmoja usiku kwa wagonjwa wengi haiwezi kuiendesha dripu ya insulini kwa usalama, hata iwe na dawa tele. Penye hali hiyo, na ikiwa mgonjwa hajazidiwa sana, ni afadhali insulini ya kutenda haraka idungwe chini ya ngozi kila baada ya saa chache, njia ambayo mwongozo wa 2024 unaikubali kwa ketoasidosi isiyo kali, kuliko kutundika dripu isiyoangaliwa na mtu.

Chupa ya sukari

Sasa tulijibu lile swali la sista. Sukari ya mgonjwa ikishuka hadi 14 hivi, wauguzi huongeza maji yenye glukosi ya asilimia 5 au 10. Sababu ni kwamba sukari hushuka mapema kuliko ketoni. Damu bado ina asidi, na asidi haiondoki pasipo insulini. Lakini insulini ikiendelea peke yake, sukari itaporomoka. Basi mgonjwa hupewa sukari ili aweze kuendelea kupewa insulini.

Hivyo basi, chupa ile si kosa wala si kinaya. Ni ishara njema kwamba matibabu yamefika hatua ya pili. Anayeifunga anamwacha mgonjwa na insulini tupu mshipani, na hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kumzimisha. Naye anayempa soda ya siri anaivuruga hesabu: muuguzi ataona sukari imepanda, ataongeza dozi, na soda ikiisha nguvu, mgonjwa ataanguka.

Wengine wanaotundikiwa

Insulini ya mshipani si ya ketoasidosi pekee. Wazee wenye kisukari cha aina ya pili huweza kupandisha sukari kupindukia, wakakauka na kupoteza fahamu bila ya kuwa na asidi nyingi. Nao hutibiwa vivyo hivyo, ila kwa uangalifu zaidi wa maji. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji mkubwa akiwa hali chakula, na mama mwenye kisukari aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, pia huweza kuwekewa.

Janga la korona lilituletea kundi jingine. Mnamo Juni 2020, watafiti wa Oxford walitangaza kwamba dawa ya deksamethasoni iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Dawa hiyo, pamoja na manufaa yake, huipandisha sukari, na watu ambao hawakuwa wakijijua kuwa na kisukari wakajikuta wakidungwa insulini wadini.

Wapo hata wasiokuwa na kisukari kabisa. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imepanda kiasi cha kuuhatarisha moyo hutiliwa insulini mshipani pamoja na glukosi, kwa sababu, kama tulivyoona, insulini huirudisha potasiamu ndani ya chembechembe. Jamaa wakiona jina la dawa katika cheti wasianze kutangaza mtaani kwamba fulani amepatwa na sukari.

Ishuke hadi wapi?

Katika vyumba vya wagonjwa mahututi, swali hili limewahi kuzua mjadala mkali. Mwaka 2001, Daktari Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,548, wengi wao waliotoka katika upasuaji. Waliodhibitiwa sukari kwa insulini ya mshipani hadi ikawa kati ya 4.4 na 6.1, yaani kama ya mtu mzima wa afya, walifariki kwa kiwango cha asilimia 4.6, ilhali wenzao wa matibabu ya kawaida walifariki kwa asilimia 8. Ulimwengu wa tiba ulisisimka, na hospitali nyingi zikaanza kuzishusha sukari za wagonjwa kwa nguvu.

Miaka minane baadaye, mambo yaligeuka. Utafiti mkubwa uitwao NICE-SUGAR, ulioongozwa kutoka Australia na New Zealand ukishirikisha Kanada na Marekani, uliwafuatilia wagonjwa 6,104. Matokeo yake ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba walioshushwa sana walifariki kwa asilimia 27.5 katika siku 90, dhidi ya asilimia 24.9 ya walioachwa na kiwango cha wastani. Sukari kuanguka kwa kiasi cha kutisha kuliwapata asilimia 6.8 ya kundi la kwanza, na asilimia 0.5 tu ya kundi la pili.

Tangu hapo, lengo linalopendekezwa kwa wagonjwa mahututi walio wengi ni kati ya 7.8 na 10. Kwa hiyo jamaa anayelalamika kwamba "sukari ya baba ingali 9 na madaktari wametulia tu" anapaswa kujua kwamba 9 ndiko wanakotaka iwe. Na ikiwa utafiti huo ulifanywa katika hospitali zenye muuguzi mmoja kwa kila kitanda, na bado sukari ikawaanguka wagonjwa, basi tahadhari kwetu yapasa iwe maradufu.

Kutoka mshipani hadi nyumbani

Ketoni zikiisha, mgonjwa akaweza kula na kunywa, dripu huondolewa. Hatua hii huonekana nyepesi, kumbe ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Insulini ya muda mrefu hudungwa chini ya ngozi saa moja au mbili kabla ya dripu kufungwa, ili ile ya mshipani inapotoweka katika dakika zake chache, nyingine iwe imekwisha kushika zamu. Dripu ikiondolewa kwanza na sindano ikangojewa hadi asubuhi, mgonjwa hurejea alikotoka.

Baada ya hapo kuna safari ya kurudi. Kwa mkazi wa Jomvu Kuu, hospitali kubwa za umma zilizo karibu ni ile ya Port Reitz iliyoko Changamwe, na ile ya rufaa ya Coast General, iliyokuwa Hospitali ya Mkoa wa Pwani, kisiwani. Njia ya kufikia zote mbili ni barabara kuu ya Nairobi, inayotumiwa pia na malori ya bandarini, na msongamano wake hauhitaji kusimuliwa hapa. Mgonjwa anayetapika tangu alfajiri hapaswi kungojea magharibi ndipo atafutiwe gari.

Jambo linalowarudisha wengi hospitalini ni dhana kwamba asiyekula hahitaji insulini. Mtu ameshikwa na homa, hana hamu ya chakula, anatapika. Akaacha sindano kwa kuhofia sukari isije ikashuka. Kumbe maradhi yenyewe huipandisha sukari, na ini, kama tulivyoeleza, halingoji chakula. Anayetegemea insulini asiiache kabisa hata akiwa hali. Dozi yaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari, apime sukari kila baada ya saa chache, na anywe maji kwa wingi.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wa aina yake. Saumu ndefu, kisha futari ya tende, kaimati, viazi vitamu na uji. Sheria ya dini yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge, na waliowahi kupatwa na ketoasidosi katika miezi iliyotangulia ni miongoni mwa wale ambao wataalamu huwashauri wasifunge. Anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie dozi mwenyewe siku ya kwanza.

Kuhusu hifadhi, wengi huuliza wafanyeje bila jokofu katika joto la Pwani. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Lakini iliyokwisha kufunguliwa haiharibiki upesi kama ilivyodhaniwa. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliozingatia hali ya joto katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab na kuchapishwa mwaka 2021, uligundua kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kuliko iliyowekwa jokofuni. Kwa hiyo chupa yaweza kukaa mahali penye kivuli, mbali na jua, jiko na bati, kwa muda wa wiki nne. Isiwekwe katika barafu. Insulini iliyoganda haifai tena.

Mgonjwa wa sukari akitapika mara kwa mara, akapumua kwa kina na kasi, akasinzia isivyo kawaida, au sukari yake ikabaki juu ya 15 licha ya kudungwa, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Jamaa wabebe chupa ya insulini anayoitumia na daftari lake la kliniki, wamweleze daktari saa aliyodungwa mara ya mwisho na idadi ya yuniti.